Lahinch, Ballybunion, Portrush au County Down: gofu ya pwani ya Ireland ukaicheze wapi?

Swali hunijia kwa namna ile ile. Mtu amejichanga miaka miwili mitatu, ameangalia picha za matuta ya mchanga na bahari ya kijivu mpaka zimemkaa kichwani, sasa anataka kusafiri akacheze uwanja mmoja mkubwa wa pwani ya Ireland kabla magoti hayajamkatalia. "Niende upi, kaka?" Anatarajia nimtajie shimo fulani au bingwa fulani. Mimi humwuliza kwanza: pasipoti yako ni ya wapi, na ndani yake mna viza gani?

Simkatishi tamaa. Kisiwa ni kimoja, nchi ni mbili. Lahinch iko kaunti ya Clare na Ballybunion kaunti ya Kerry, zote Jamhuri ya Ireland, upande wa magharibi unaotazama Atlantiki. Royal Portrush iko Antrim na Royal County Down iko mji wa Newcastle, Ireland ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Ukiendesha gari kutoka upande mmoja kwenda wa pili huoni kizuizi wala askari. Vibao vya mwendo tu ndivyo vinavyogeuka kutoka kilomita kuwa maili, na dukani unadaiwa pauni badala ya yuro. Lakini sheria inauona mpaka hata kama macho hayauoni. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Ireland kwa upande wa magharibi na viza ya Uingereza kwa upande wa kaskazini. Ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, haimfai kokote hapo, maana Ireland haimo kwenye Schengen.

Kuna na mtego mwingine. Ukiwa na viza ya Ireland ya kuingia mara moja, ukavuka kwenda kaskazini, umeshatoka nchini. Kurudi Dublin kupanda ndege ya nyumbani kunataka viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Namjua mtu aliyelipia mzunguko kaskazini akiwa na viza ya Dublin peke yake. Aligundua kosa wiki moja kabla ya safari, na pesa hazikurudi.

Kwa hiyo chagua upande kwanza, uwanja utafuata. Mwenye mtoto anayesoma Uingereza, au mwenye kazi inayompeleka London kila mwaka, huwa tayari ana viza ya Uingereza: huyo kaskazini panamwita bila gharama ya ziada. Asiye na viza yoyote, na anayesafiri kwa Dubai, Doha au Istanbul, anaweza kushuka Dublin bila kugusa ardhi ya Uingereza, na ubalozi wa Ireland upo Nairobi, Dar es Salaam na Kampala: huyo magharibi ndiko kwake. Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani wenye pasipoti za huko hawana shida hiyo, ila wakumbuke kwamba Uingereza sasa inawadai kibali cha mtandaoni kabla ya kuingia, hata kwa siku moja ya gofu.

Ardhi yenyewe

Linksi si kila uwanja ulio karibu na bahari. Ni ardhi ya kichanga iliyo kati ya ufuo na mashamba, haikufaa kulima wala kujenga, ikaachiwa kondoo, sungura na baadaye wacheza gofu. Maji hayatuami, nyasi ni fupi na nyembamba, chini ni pagumu. Mpira ukitua haukai, unakimbia. Miti karibu hakuna, kwa hiyo upepo hauzuiliwi na kitu. Ndiyo maana Old Head kule Kinsale, pamoja na uzuri wake wote juu ya majabali, wenye gofu yao hawauhesabu kuwa linksi: uko juu ya mwamba, si juu ya mchanga.

Mchezaji wa Nairobi ndiye anayeumbuka zaidi. Amezoea mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira unasafiri. Akishuka hadi ufukweni anapoteza takribani asilimia 6 ya umbali wake, na baridi ya nyuzi 15 inampunguzia tena. Fimbo namba 7 iliyokuwa ikimfikisha kwenye grini (nyasi fupi zenye shimo na bendera) pale Karen, huku inamwacha kwenye banka, lile shimo la mchanga, la mbele. Yule wa Mombasa aliyezoea kucheza ukingoni mwa bahari akipimana na Kusi yuko mbele yake hatua mbili: anajua kwamba upepo haupigwi vita, unapigiwa chini. Zoezi la kujiandalia nyumbani ni moja tu, nalo halina gharama. Simama yadi 60 kutoka kwenye grini, chukua fimbo namba 8, utambaze mpira ukimbie wenyewe hadi kwenye bendera. Rudia mpaka uache kuona aibu.

Waayalandi wenyewe si wageni kwenye gofu yetu. Eamonn Darcy alilichukua taji la Kenya Open mwaka 1982, na Christy O'Connor Jr akalichukua 1990. Mtu aliyekulia kwenye upepo wa kule akija Nairobi anapumzika. Sisi tunakwenda kinyume chake.

Magharibi: Lahinch au Ballybunion

Lahinch ilianza 1892, kwa maofisa wa kikosi cha Black Watch waliokuwa Limerick. Old Tom Morris, yule mzee wa St Andrews kule Scotland, akaupitia miaka miwili baadaye, na mwaka 1927 akaja Alister MacKenzie, ambaye baadaye angeshirikiana na bingwa Bobby Jones kuuchora uwanja wa Augusta kule Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Martin Hawtree akaurudisha uwanja karibu na sura aliyoikusudia MacKenzie. Lakini mashimo mawili yanayomfanya mtu aulize habari za Lahinch hayakuguswa na MacKenzie wala Hawtree: Klondyke na Dell.

Klondyke ni la nne, la mikwaju 5, yaani mchezaji mzuri hutarajiwa kulimaliza kwa mikwaju hiyo. Ukishapiga wa kwanza bondeni, mbele yako kuna tuta la mchanga kubwa kama nyumba ya ghorofa, limefunga njia yote. Hakuna kuzunguka, unapiga juu yake bila kuona kilicho nyuma. Na nyuma yake, kwa ubishi wa zamani, njia ya shimo la 18 inakatiza, kwa hiyo kuna mtu mwenye bendera anayekaa juu ya tuta kuongoza kama polisi wa barabarani.

Dell ndilo linalofuata, fupi, la mikwaju 3, yadi zisizofika 160. Nilisimama pale nikaona kilima cha nyasi basi. Hakuna bendera, hakuna grini. Kuna jiwe jeupe moja juu ya kilima, na kedi, mbeba fimbo wangu, akanieleza kwamba kila asubuhi jiwe linahamishwa kufuata mahali shimo lilipokatwa siku hiyo. Piga juu ya jiwe. Nikapiga namba 8, nikaona mpira umepita juu ya jiwe barabara, nikatembea nikijisifu. Tulipofika upande wa pili, grini imejibana kati ya matuta mawili kama kitanda kati ya kuta mbili, na mpira wangu haupo. Tukautafuta kwenye nyasi za nyuma, tukauona, nikautoa kwa mikwaju miwili. Kuna watu wanaosema shimo la namna hiyo ni upuuzi, gofu lazima uone unakopiga. Nawaelewa. Lakini ni shimo pekee la safari ile ambalo nalikumbuka nikiwa kwenye foleni ya magari.

Na mbuzi. Mbuzi wako kwenye nembo ya klabu, na wengine wa kweli wanalisha uwanjani. Hadithi yao ni hii: wakijisogeza karibu na jengo la klabu, mvua inakuja, wakiwa mbali kwenye matuta, siku ni njema. Kipimahewa cha klabu kilipoharibika wakabandika maandishi: tazama mbuzi. Mfugaji yeyote wa Kajiado au Dodoma ataona hakuna la ajabu hapo.

Ballybunion ni mwenzake asiye na mzaha. Ilianzishwa 1893, ikayumba, ikaanzishwa upya 1906. Kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, upande wa kulia kuna makaburi. Ukivuta mpira kulia unaangukia kwa marehemu, na adhabu juu. Bill Clinton alipokuja kucheza 1998, akiwa bado rais, inasimuliwa kwamba mkwaju wake wa kwanza ulielekea huko huko. Mji haukumwonea vibaya: sanamu yake imesimama barabarani, fimbo mkononi.

Tofauti ya viwanja hivi viwili iko hapa. Lahinch inakuficha hatari, Ballybunion inakuonyesha. Unaiona grini, ndogo, imeinuliwa juu ya ukingo, kando zake zinateremka kama bakuli lililofunikwa, na unajua kabisa kwamba mpira usiotua katikati utaporomoka. Ni uwanja wa mkwaju wa pili. Shimo la 11 linapita juu ya jabali, Atlantiki iko kulia kwako safari nzima, na halina banka hata moja, halihitaji. Miaka ya 1970 bahari ilikuwa ikilila jabali hilo kiasi kwamba fedha zilichangishwa mbali na karibu kuuokoa uwanja. Tom Watson, Mmarekani aliyeshinda The Open, shindano kubwa la gofu la Uingereza, mara 5, aliupenda mpaka akakubali kuwa nahodha wa klabu mwaka 2000. Mwisho kabisa, kwenye shimo la 18, utakutana na eneo kubwa la mchanga lililokatiza njia. Wameliita Sahara. Tumesafiri kote huko kuja kuzama Sahara.

Nikipima haya mawili, nasema hivi. Mnaokwenda kundi la wanne wenye viwango tofauti, mmoja anamaliza mzunguko kwa mikwaju 90 na mwingine 115, nendeni Lahinch. Mtacheka, na hakuna atakayejiona amekuja kuteswa. Anayepiga fimbo zake za kati sawasawa na anataka kujua kama gofu yake ni ya kweli au ni ya hewa nyepesi ya Nairobi, aende Ballybunion.

Uzuri ni kwamba upande huu mtu hana sababu kubwa ya kuchagua. Kutoka uwanja wa ndege wa Shannon hadi Lahinch ni mwendo wa saa moja hivi. Kutoka Lahinch unashuka kusini hadi Killimer, unaingiza gari kwenye feri, dakika 20 umevuka mdomo wa mto Shannon uko Tarbert, na Ballybunion iko jirani. Mtu wa Likoni au Kigamboni atashangaa: magari yanaingia kwa utaratibu, hakuna msukumano, wala hakuna muuza njugu. Bila feri unazunguka kwa Limerick na kupoteza nusu ya siku.

Kaskazini: Portrush au County Down

Royal County Down wengi wanausema ndio uwanja mzuri kuliko wote duniani, na jarida la Golf Digest limeuweka mara kadhaa nambari moja nje ya Marekani. Mwaka 1889 klabu ilimwita Old Tom Morris aupange kwa gharama isiyozidi gini 4. Gini moja ilikuwa shilingi 21, kwa hiyo mzee alifanya kazi ya shilingi 84. Leo mzunguko mmoja hapo ni zaidi ya pauni 300.

Mandhari yake picha haziwezi kuyamaliza. Milima ya Mourne inashuka hadi baharini, Slieve Donard wenye mita 850 umesimama nyuma ya mji. Kwenye shimo la 9 unapiga mkwaju wa kwanza juu ya kilima bila kuona, unapanda, na ukifika kileleni kila kitu kinafunguka kwa pamoja: njia ya kijani iko chini sana, mnara wa hoteli ya matofali mekundu, mlima nyuma yake. Mwezi wa tano vichaka vya miiba vinachanua maua ya manjano uwanja mzima. Ni vizuri mno kuvitazama. Mpira ukiingia humo, sahau.

Lakini huu ndio uwanja mgumu kuliko yote minne, na ugumu wake ni wa aina inayomchosha mgeni. Mikwaju kadhaa ya kwanza hupigwa kipofu juu ya matuta, kwa kufuata jiwe jeupe tu. Mabanka yana ndevu: kingo zake zimeota nyasi ndefu zinazoning'inia, mpira ukisimama chini yake unapiga pembeni au hata kurudi nyuma. Bila kedi unapoteza mipira kumi na furaha yako. Wenye kiwango cha juu nao hawapati nafuu: kwenye Irish Open ya 2024 hapo hapo, Rory McIlroy, mtoto wa nyumbani, aliongoza akaja kupitwa kwa mkwaju mmoja na Rasmus Højgaard.

Royal Portrush una jina kubwa kwa sababu nyingine, The Open. Ulianza 1888, na uwanja wake mkuu, Dunluce, ni kazi ya Harry Colt. The Open ilifika 1951, ikakaa miaka 68 ndipo ikarudi 2019, kisha 2025. Max Faulkner alishinda ile ya kwanza. Ile ya 2019 ilichukuliwa na Shane Lowry kwa tofauti ya mikwaju 6, kijana wa Jamhuri, na watu wa pande zote mbili za kisiwa wakaimba pamoja kwenye mvua ya kaskazini. Ya 2025 ikawa ya Scottie Scheffler. McIlroy, aliyewahi kupiga 61 hapo akiwa na miaka 16, alianza ile ya 2019 kwa kuutoa mpira nje ya mipaka kwenye tii ya kwanza na kuandika 8. Utakaposimama pale na mikono ikitetemeka, ujue hauko peke yako.

Shimo la kulisubiri ni la 16, Calamity Corner. Mikwaju 3, yadi 236, na kulia kwa njia yote kuna korongo lenye kina. Upepo ukitoka mbele, hata wakubwa hutoa fimbo ndefu kuliko zote begini. Ila kuna siri iliyoachwa na Mwafrika. Bobby Locke wa Afrika Kusini, alipocheza The Open ya 1951, hakuijaribu grini moja kwa moja. Raundi zote nne alipiga makusudi kwenye kishimo kilicho kushoto mwa grini, akatambaza mpira karibu na bendera, akatoka na mikwaju 3 kila siku. Kile kibonde hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Mwambie kedi wako unataka kwenda kwa Bobby Locke, atakuonyesha.

Kati ya hizi mbili uamuzi wangu ni mwepesi. Portrush unauona: Colt aliipindisha njia kufuata matuta bila kukuficha, na mabanka si mengi. Mtu wa hendikapu 20 (mikwaju ya ziada anayopunguziwa kwa kiwango chake) anayecheza kwa akili atamaliza na mpira ule ule mashimo kadhaa. County Down unamtaka mtu aliyeshapiga linksi angalau mara mbili tatu. Ukienda hapo siku yako ya kwanza ya linksi maishani, utakumbuka mlima tu.

Asiyeendesha gari naye apime. Portrush ina kituo cha treni mjini. Unatoka Belfast, unabadilisha Coleraine, unashuka, na uwanja hauko mbali. Newcastle haina treni tena. Ni basi au gari. Magharibi mabasi yapo lakini ukiwa na begi la fimbo na masanduku, kodi gari. Huko wanaendesha kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania. Wa Kigali, Bujumbura na Kongo itabidi wajizoeze, na barabara za vijijini Clare ni nyembamba, zina kuta za mawe pande zote.

Fedha, miguu na wa nyumbani

Viwanja vyote vinne msimu wa joto vinadai zaidi ya 300, ziwe yuro au pauni, kwa mzunguko mmoja. Anayetafuta bei hasa aangalie tovuti ya klabu siku anayotaka kulipa, maana hupanda kila mwaka. Ninachoweza kushauri ni hiki: kila klabu kati ya hizi ina uwanja wa pili wa bei ya chini sana. Lahinch ina Castle, Ballybunion ina Cashen uliochorwa na Robert Trent Jones, Portrush ina Valley, County Down ina Annesley. Cheza huo mdogo jioni ya kuwasili. Mwili utazoea baridi, jicho litazoea mpira unaokimbia, na kesho yake zile 300 hazitaishia kwenye mashimo sita ya kujifunza.

Hutembei kwa kigari. Wenye cheti cha daktari huangaliwa, wengine wote ni miguu, juu na chini ya matuta, mchana mzima. Wachezaji wa kwetu tumezoea kedi akisubiri getini. Kule anawekewa nafasi mapema pamoja na muda wa kuanza, na hulipwa taslimu mwisho wa mchezo. Kwa uwanja wenye mikwaju ya kipofu, Lahinch na County Down, huyo si anasa.

Familia ikiwa pamoja, mizani inahama. Kutoka Lahinch, majabali ya Moher, mita 214 juu ya bahari, ni dakika chache kwa gari, na mjini kuna ufuo wa wateleza mawimbi. Portrush ina Giant's Causeway, nguzo za mawe kama 40,000 zilizopangwa kama vigae, ambazo watoto watapanda na kushuka siku nzima. Newcastle ina milima ya kutembea. Ballybunion kuna bafu za maji moto ya mwani, na mke wangu aliyekulia Paje, Zanzibar, alicheka alipowaona watu wanalipa kulala ndani ya kile mama yake alichokuwa akikianika uani.

Anayefika Dublin kikazi na ana siku moja tu ya kuiba, asijisumbue na haya yote. Portmarnock, ulioanza 1894, uko karibu na uwanja wa ndege wa Dublin. Ni linksi ya kweli, wa haki, hauna mikwaju ya kipofu. Aende huko, awahi ndege yake.

Ningekuwa nafasi yako

Safari ya kwanza, viza hakuna, hendikapu kati ya 15 na 28: Lahinch mara mbili, siku mbili mfululizo, na Ballybunion ukivuka feri. Nasema Lahinch mara mbili kwa makusudi. Uwanja wenye siri unanoga raundi ya pili, ukishajua jiwe maana yake nini.

Mwenye viza ya Uingereza na anayeijua The Open kwa miaka na majina: Portrush, bila kujiuliza. Mwenye hendikapu ya tarakimu moja na aliyekwisha kwenda Scotland: County Down, na alale Newcastle usiku mmoja kabla. Kuvuka kisiwa kizima ili ucheze vyote vinne kwa wiki moja nimeona watu wakijaribu. Wanarudi na picha na hasira ya barabara.

Nenda kati ya mwezi wa tano na wa tisa. Mimi hupendelea mwishoni mwa wa tano au mwanzoni mwa wa sita, kabla shule hazijafungwa. Hata hapo beba koti la mvua la suruali na juu, la kweli, si lile la kuvalia bodaboda, na glavu mbili za mvua, maana kule mvua haitoki juu, inakuja pembeni.

Nafasi za majira ya joto huanza kuchukuliwa karibu mwaka mzima kabla, kwa hiyo utajikuta unaomba muda wa kucheza kabla ya kuwa na viza. Waandikie klabu barua pepe mwenyewe. Taja tarehe mbili au tatu unazoweza, idadi yenu, hendikapu za kila mmoja (wanaweza kudai cheti), na uliza wazi: viza ikikataliwa, malipo ya awali yanarudi au yanahamishiwa mwaka ujao? Jibu la swali hilo lipate kwa maandishi kabla hujatuma senti. Siku za wageni hazifanani klabu hadi klabu, na nyingine zimetengwa kwa wanachama, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kabla ya kupata muda. Wakikujibu kwamba asubuhi zote zimejaa na kilichobaki ni saa kumi alasiri, usivunjike moyo, chukua. Mwezi wa sita jua la Lahinch linazama saa nne usiku. Mtamaliza shimo la 18 bado kweupe, uwanja mtupu, na kama bahati ni yenu, mbuzi wako mbali.